Lori linalala nje msimu wote wa baridi: mnaliandaaje liwake asubuhi?

#1 Kijana wa Tunduma

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Minnesota, naendesha kichwa cha lori changu mwenyewe, modeli ya 2016, injini ya lita 15. Gari linalala nje, yadi ya changarawe isiyo na soketi hata moja. Januari iliyopita niliegesha Ijumaa usiku. Jumatatu alfajiri kipimajoto kinasoma hasi 29 za Selsiasi. Nikapiga stata, ikazunguka kwa uzito lakini ikazunguka. Injini ikawaka, ikanguruma sekunde chache, ikazima. Nikarudia, ikakohoa, ikazima. Baada ya hapo ikawa inazunguka tu mpaka betri zikalegea.

Fundi wa gari la huduma akaja, akabadili filta zote mbili za dizeli, akamimina dawa, akaunganisha betri zake, likawaka. Bili yake ingeninunulia tairi mpya. Nilipomuuliza tatizo ni nini akasema "baridi", akaondoka.

Mimi naamini dizeli iliganda. Jamaa wa yadi anasema ni betri, na mwingine anasema dawa ni kuacha injini inanguruma usiku kucha kuanzia Desemba hadi Machi. Msimu huu sitaki kubahatisha. Mnaolaza magari nje, mnafanya nini kabla ya baridi na mnafanya nini asubuhi yenyewe?

Nyongeza: dizeli ile nilijaza Oklahoma, kule kusini, nikiwa napandisha, dawa ya kuzuia kuganda niliimimina nilipofika yadi.

#2 Nyambura wa Tela

Hiyo nyongeza yako ndiyo jibu, kaka. Niko Fargo, North Dakota, na kila mwaka naona watu wamekwama na dizeli ya kusini kwa tangi.

Dizeli namba 2 iko na nta ndani yake. Ikikaribia hasi 10, nyingine hata mapema, ile nta inaanza kujitenga na mafuta yanakuwa na ukungu. Ikizidi kushuka, nta inaziba filta. Ni kama mafuta ya nazi: Mombasa ni maji, yapeleke Limuru mwezi wa saba uone. Huku kaskazini stesheni zinachanganya namba 2 na namba 1, ambayo haina shida hiyo mpaka baridi iwe kali ajabu. Oklahoma wanakuuzia ya hali ya hewa yao.

Na dawa inafaa iingie KABLA mafuta hayajapoa, tena kabla ya kujaza, ndio dizeli ikiingia iichanganye. Ukiimwaga juu ya tangi limejaa halafu uzime gari, inakaa pale pale. Chupa nyeupe ni ya kuzuia. Ile nyekundu ni ya kuokoa ikiwa imeshaganda. Wengi wananunua moja wakidhani inafanya kazi zote mbili.

#3 Fundi Dizeli

Dada Nyambura amesema kweli nusu, hiyo nusu nyingine naomba tuichunguze.

Injini ikiwaka sekunde chache halafu ikazima, maana yake ilitumia dizeli iliyokuwa tayari imevuka filta, kisha nyingine haikufika. Hapo wenye kesi ni watatu: nta, barafu na hewa. Nta ameeleza. Barafu ni maji yaliyokaa chini ya filta ya kwanza, ile yenye bakuli la kutenganisha maji. Hewa inaingia pale mpira wa kwenye maungio unaposinyaa kwa baridi. Gari likilala siku mbili dizeli inarudi tangini taratibu. Zote tatu zinatoa dalili ile ile, na zote tatu "zinapona" ukibadili filta.

Mkuu Tunduma, hizo filta uliziona zilipotolewa? Zilikuwaje?

#4 Baba Zuhura

Salaam. Mnakimbilia dizeli wakati mwenye gari mwenyewe ameandika "ikazunguka kwa uzito". Someni tena #1.

Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Moto wake unatokana na hewa kubanwa mpaka ipate joto. Stata ikizunguka polepole, joto linakimbilia kwenye chuma cha silinda kilichopoa kabla mafuta hayajashika. Na betri ya risasi na asidi ikifika hasi 18 inabaki na nguvu kama nusu hivi. Sasa chukua betri nne za umri tofauti, moja imechoka, inazivuta zile tatu. Hasi 29 hapo unategemea nini?

Kila Oktoba mimi nazitenganisha zote nne, nachaji kila moja peke yake, zinapumzika, kisha kila moja inapimwa kwa mzigo. Volti 12.6 bila mzigo haitoshi kuniaminisha. Betri inaweza kusoma 12.6 ikiwa imetulia, ukiitwika mzigo inaanguka. Halafu nasugua vichwa vya waya mpaka ving'ae, pamoja na waya wa ardhi unaoshika kwenye chasisi. Huo wa ardhi watu wanausahau, na unakuta umeoza kwa chumvi ya barabarani.

Nimewahi kukaa Duluth, Minnesota. Haya si ya kitabuni.

#5 Makambako Stendi

Wakuu tupo pamoja. Huku Njombe mwezi wa sita na wa saba asubuhi magari yanagoma, na Kitulo unaamka unakuta majani yana barafu. Naomba kujua kama na sisi tuanze kununua hiyo dawa ya chupa nyeupe?

#6 Nyambura wa Tela

@Makambako Stendi, pole kwa hiyo baridi ya sweta moja 😂 Hapa tunaongelea baridi ya kope kushikana.

#7 Fundi Dizeli

@Makambako Stendi, usimsikilize, swali lako lina uzito wake. Kwenye sifuri au hasi kidogo, mara nyingi dizeli haijafikia kuziba filta. Magari yanayogoma asubuhi huko, angalia kwanza hita plagi (plagi za kupasha silinda) kama gari lako ni la kuwa nazo, halafu betri, halafu kama kuna silinda imechoka haibani vizuri. Injini iliyochoka Dar itakuficha, ikipanda Makambako itakwambia ukweli. Fedha ya dawa nunulia filta.

#8 Mutoto ya Lubumbashi

Bandugu, jambo. Miye niko Winnipeg, Canada, kamiyo inalala inje miaka yote. Huku mu parking kuna nguzo za prizi, hata ku kazi, hata ku nyumba za kupanga. Unachomeka waya, hita inapasha maji ya moteri, asubuhi unapiga stata mara moja. Hayo mengine yote munasema ni ya pili. Hita ya bloki njo dawa ya kwanza.

#9 Baba Zuhura

Ndugu wa Lubumbashi, umesoma #1? Yadi haina soketi.

#10 Mutoto ya Lubumbashi

Nimesoma, mzee wangu. Njo maana nasema ahamishe kamiyo. Yadi bila prizi kwa baridi ya vile si yadi ya kulaza diesel.

#11 Kijana wa Tunduma

Asanteni sana wote.

@Fundi Dizeli, filta niliziona, fundi aliziweka kwenye ndoo. Ile ya kwanza, yenye bakuli la kuona ndani, chini kulikuwa na kitu kigumu kinachopitisha mwanga, alipoipigapiga kikagonga kama kigae. Ya pili alipoikata, karatasi yake yote ilikuwa na utando mzito mweupe, ukiugusa unapakaa kidoleni.

@Mutoto, yadi yenye soketi ipo lakini kodi yake ni karibu mara mbili na ni mbali na nyumbani. Bado nahesabu.

#12 Fundi Dizeli

Basi umetupa kesi mbili kwa pamoja. Kinachopitisha mwanga na kugonga ni barafu, yaani maji. Utando mweupe unaopakaa ni nta. Sasa kipi kilianza? Mimi naweka pesa yangu kwenye maji, kwa sababu filta ya kwanza ikizibwa na barafu, injini inanyonya kwa shida, inazima, halafu dizeli iliyosimama kwenye filta ya pili inaendelea kupoa mpaka nta inajaa. Nta aliyoiona fundi inaweza kuwa imekuja baadaye kabisa, akiwa njiani kuja.

Maji yanatoka wapi? Tangi likiegeshwa nusu, hewa ya juu ina unyevu. Chuma kikipoa unyevu unatona ndani, unazama chini ya dizeli. Kwa hiyo egesha tangi likiwa limejaa, na fungulia kile kibomba cha chini ya bakuli kila jioni injini ikiwa bado ya moto. Asubuhi umechelewa, kibomba chenyewe kimeshaganda.

#13 Nyambura wa Tela

Nakubali hiyo ya kumwaga maji jioni, ila hiyo hadithi ya nani alianza hapana. Dizeli ya Oklahoma kwa hasi 29 iko chini kabisa ya kiwango chake. Hata kama hakungekuwa na tone la maji, hangeondoka. Maji yamemuongezea tu.

Na kuna jambo jingine la hapo Minnesota kwenu: sheria ya jimbo inataka dizeli iwe na asilimia 20 ya mafuta ya mimea msimu wa joto, na asilimia 5 msimu wa baridi. Hayo ya mimea yanaganda mapema. Mtu akiwa amejaza mwezi wa tisa mwanzoni na gari limekaa, tangi lake bado liko na ile ya kiangazi. Endesha mpaka hiyo yote iishe kabla ya Novemba, ujaze mpya.

#14 Prairie Mswahili

Saskatoon, Canada hapa. Mmesahau oili.

Namba ya mbele ya W ndiyo ya baridi. Oili ya 15W inapimwa uwezo wa kuruhusu injini izungushwe kwenye hasi 20. Ya 10W hasi 25, ya 5W hasi 30, ya 0W hasi 35. Mtu ana 15W-40 kwenye injini ya lita 15, sampo (bakuli la oili chini ya injini) imeshuka mpaka hasi 29, halafu Baba Zuhura analaumu betri! Betri mpya nazo zingelalamika. Kamua oili yote weka 5W-40 sintetiki yenye kibali cha mtengenezaji wa injini yako, stata itazunguka.

Pia mimi naweka maji ya rejeta ya kijani matupu, bila kuchanganya na maji. Hayagandi daima.

#15 Baba Zuhura

@Prairie Mswahili, hakuna anayelaumu betri, tunaisema hali yake. Oili nzito inadai nguvu zaidi, betri yenye baridi inatoa pungufu. Hizo hesabu mbili zinakutana kwenye stata. Mimi 15W-40 natumia mwaka mzima, ila nachomeka hita. Injini ikiwa ya vuguvugu, namba ya oili hainisumbui.

#16 Fundi Dizeli

Mkuu Prairie, ya oili uko sahihi na takwimu zako ni sahihi. Ila hiyo ya rejeta tafadhali irekebishe leo hii, msimu haujakolea.

Antifrizi tupu, hayo maji yako ya kijani, inaganda kwenye hasi 13 hivi. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji safi yaliyochujwa inafika hasi 37. Ukifanya 60 kwa 40 inashuka hadi hasi 50 na kitu. Ukizidi hapo inaanza kupanda tena. Halafu ikiwa tupu inabeba joto vibaya, injini inachemka kiangazi. Nunua kile kipimo cha kutazama kwa jicho, tone moja kinakuonyesha inaganda wapi.

#17 Prairie Mswahili

Nashukuru mkuu. Kesho naipima.

#18 Mdadisi wa Kigamboni

Samahani kwa kuingilia, hivi huko madereva wanalipwaje, na leseni ya tela mtu anaipataje akitoka bongo?

#19 Nyambura wa Tela

Kuna uzi mzima wa leseni, tafuta. Hapa ni barafu tu.

#20 Jirani wa Kati

Iowa. Kuhusu kuacha injini inanguruma usiku kucha: nimefanya hivyo, magari mengi yamefanya hivyo, na yamewaka. Injini isiyozimwa haigomi kuwaka. Sioni kwa nini tunazunguka. Hasa hali ya hewa ikisema "inahisi hasi 45", huwezi kuniambia hita ya kuchomeka itashinda hasi 45.

#21 Nyambura wa Tela

Inashinda, kwa sababu hakuna hasi 45. Hiyo "inahisi" ni ya ngozi ya mtu akipigwa na upepo. Kama hewa ni hasi 30, chuma kikipoa kitafika hasi 30 na hakitashuka zaidi, upepo uvume utakavyo. Upepo unafanya kipoe haraka, hiyo ni kweli, kwa hivyo egesha tumbo la injini likiwa limekingwa na ukuta au na tela, na ufunike grili. Lakini ukichagua oili au dawa ya dizeli, soma ile namba ya hewa. Rekodi ya Minnesota yenyewe ilikuwa Tower, tarehe 2 Februari 1996, nyuzi hasi 60 za Farenhaiti, hiyo ni kama hasi 51. Hiyo ni hewa, hakuna kuhisi.

Kuhusu kunguruma usiku kucha, piga hesabu. Injini kubwa ikisimama inakula kama lita tatu kwa saa. Masaa kumi, lita thelathini, kila usiku. Na kuna miji na majimbo inakataza kunguruma zaidi ya dakika chache. Juu ya hiyo, injini isiyo na mzigo kwa baridi kali haipati joto la kutosha, masizi yanajaa kwa chujio la moshi. Uulize gharama ya kulisafisha.

#22 Jirani wa Kati

Ukiongeza mzunguko wa injini mpaka 1,000 au 1,100 kwa dakika inapata joto na masizi yanapungua. Magari mapya yana hata mfumo wa kujiwasha na kujizima. Dada, bili ya kulisafisha chujio hailingani na bili aliyolipa mwenye uzi.

#23 Fundi Dizeli

Wote wawili mna hoja. Ila mmeruka kitu kinachomfaa hasa mwenye yadi isiyo na umeme: hita inayochoma dizeli. Zipo za aina mbili, watu wanazichanganya. Ile ndogo ya kupasha hewa kitandani inakula kidogo sana, lakini inakupasha wewe, injini haiijui. Ile ya pili inaunganishwa kwenye maji ya rejeta, inayapasha na kuyazungusha kwenye bloki. Unaiwekea saa, inaanza yenyewe saa moja au mbili kabla hujafika. Inakula kama nusu lita kwa saa, zaidi kidogo ikiwa imekazana.

Bei yake na kuifunga si ndogo. Lakini mkuu Tunduma, iweke kando ya kodi ya yadi yenye soketi na bili ya fundi wako, uone inarudi kwa muda gani.

#24 Baba Zuhura

Na hiyo hita ya dizeli inawashwa na nini? Betri. Pampu yake, feni yake, kiwashio chake, vyote vinakula betri alfajiri, muda ambao betri iko dhaifu kuliko muda wowote. Betri zikiwa mbovu, hita itazimaliza na stata itakosa. Tunarudi pale pale.

#25 Mutoto ya Lubumbashi

Mzee anapenda betri kuliko bibi yake 😂

#26 Baba Zuhura

Mama Zuhura anasoma huu uzi, kijana. Shika adabu.

#27 Kijana wa Tunduma

😂😂 Mmenifurahisha. Maswali mawili. Moja, jamaa amenipa spreya ya etha, anasema unapuliza kwenye njia ya hewa linawaka palepale. Mbili, betri ikiwa imelala kabisa kwenye baridi, naruhusiwa kushtua kwa gari jingine?

#28 Fundi Dizeli

Etha: HAPANA, mpaka ujue injini yako inapashaje hewa. Kama ina hita ya kimia kwenye mdomo wa kuingizia hewa, au hita plagi, ile etha inakutana na waya mwekundu wa moto. Inalipuka kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) na wewe uso uko pale. Nimeona manifoldi imepasuka kwa njia hiyo na pistoni imevunjika pete. Kuna magari yana mfumo wa etha wa kiwandani unaopima kiasi, hiyo ni habari nyingine. Spreya ya mkononi iache dukani.

Betri: kwanza iangalie. Betri iliyojaa haigandi hata hasi 50. Iliyokwisha inaganda karibu na hasi 7. Ukiona ubavu umevimba au ukifungua unaona barafu, usiishtue na usiichaji, inaweza kulipuka. Itoe, iingize ndani ya joto siku nzima, kisha ipimwe. Mara nyingi imeshakufa.

#29 Prairie Mswahili

Mwenye uzi usisahau maji ya urea, yale ya kusafisha moshi wa dizeli. Yanaganda hasi 11. Gari litawaka hata yakiwa yameganda, mfumo una njia yake ya kuyayeyusha kwa maji ya injini, kwa hiyo usiogope taa. Ila usijaze tangi lake mpaka shingoni ukilaza gari, yakiganda yanapanuka karibu asilimia 7. Na usiweke dawa yoyote ndani yake.

#30 Jirani wa Kati

Kuna mtu ataliwasha vizuri kabisa kisha lisitembee. Breki!

Ukitoka kwenye theluji iliyoyeyuka ukaegesha na kuvuta breki, viatu vya breki vinashikana na ngoma usiku. Mimi kabla ya kuegesha natembea mita kadhaa nikiwa nimekanyaga breki kidogo vikauke. Tela nikiiacha sehemu tambarare naweka vigingi kwenye matairi na kuachia breki zake. Zikishikana, nyundo kwenye ngoma, taratibu. Usimwage maji ya moto, yanakwenda kuganda tena mahali pabaya zaidi.

#31 Mutoto ya Lubumbashi

Na upepo wa breki. Mangaribi yote fungua matenki ya upepo maji yatoke. Bazee ba huku banatia alkoholi mu mipira ya upepo, njo haigandi.

#32 Fundi Dizeli

Kumwaga maji kwenye matenki ndiyo. Alkoholi siiungi mkono. Inakausha mipira ya vali na inaharibu zile punje za kunyonya unyevu kwenye drayeri (kikaushio cha upepo wa breki). Watengenezaji wengi wa drayeri wanakataza. Badili katriji ya drayeri kabla ya msimu na uhakikishe hita yake ndogo inafanya kazi. Ukigusa mwili wa drayeri asubuhi swichi ikiwa imewashwa, unausikia una joto.

#33 Mutoto ya Lubumbashi

Drayeri mpya haitakusaidia saa nane ya usiku katikati ya Winnipeg na Thunder Bay, vali imeganda, na simu haina mutandao. Pale alkoholi kidogo inakurudisha nyumbani. Vali nitanunua nikifika.

#34 Baba Zuhura

Hapo namuunga mkono kijana. Dharura ni dharura. Ila isiwe desturi ya kila jioni.

#35 Makambako Stendi

Wakuu hii elimu ni kubwa. Hiyo hita ya kuchomeka nani aliianzisha?

#36 Nyambura wa Tela

Ni ya huku kwetu! Andrew Freeman, mtu wa Grand Forks, North Dakota. Alipewa hataza mwaka 1949. Ya kwanza ilichukua nafasi ya bolti moja ya kichwa cha injini: unatoa bolti, unaingiza hita yenye umbo la bolti, unachomeka umeme. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakamua oili jioni wanaingia nayo ndani ya nyumba, au wanaweka makaa chini ya sampo. Hayo ya makaa msijaribu, chini ya gari kuna dizeli na grisi.

#37 Kijana wa Tunduma

Nimepata mwelekeo. Wiki hii betri zinapimwa moja moja, oili inakuwa 5W-40, drayeri inabadilishwa, na dizeli ya kusini sitaki ilale tangini tena. Kati ya hita ya maji ya dizeli na kuhamia yadi yenye soketi sijaamua. Kwa wenye soketi: waya wa kurefusha unatumia upi? Na unachomeka usiku kucha?

#38 Jirani wa Kati

Hita ya wati 1,500 kwa volti 120 inavuta ampea 12 na nusu. Tumia waya mnene wa geji 12, wa nje, usizidi urefu unaohitaji. Ule mwembamba wa taa za Krismasi utayeyuka. Na usishirikiane soketi na jirani, fyuzi ya ampea 15 itakatika usiku na nyote wawili mtaamkia chuma baridi. Kuiwasha kabla ya kuondoka, masaa matatu au manne yanatosha.

#39 Mutoto ya Lubumbashi

Ku hasi 35 tia usiku muzima. Umeme ni bei kidogo.

#40 Jirani wa Kati

Masaa manne ni uniti sita za umeme. Usiku mzima ni mara tatu. Bloki ikishafika joto lake haiongezeki, unapasha jimbo zima la Manitoba.

#41 Nyambura wa Tela

La mwisho kutoka kwangu: beba filta za dizeli mbili mpya ndani ya kabini, spana ya filta, glavu za mpira, na lita mbili za dizeli safi ya namba 1 kwa galoni iliyofungwa. Filta ikiziba unaibadilisha mwenyewe, unaijaza hiyo dizeli, unafunga, unawasha.

#42 Fundi Dizeli

Yote sawa isipokuwa kujaza. Injini za siku hizi nozeli zake zina nafasi finyu sana, ukimimina dizeli isiyochujwa ndani ya filta ya pili, uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Funga filta ikiwa kavu, tumia pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

#43 Nyambura wa Tela

Hiyo pampu ya mkono kwa hasi 29, plastiki yake inavunjika ukiiangalia. Na magari mengine hayana kabisa.

#44 Fundi Dizeli

Basi jaza ile ya kwanza tu, ya kutenganisha maji, kwa sababu mbele yake bado kuna filta nyingine ya kushika uchafu. Mimina kupitia matundu madogo ya pembeni, usipitie tundu la katikati. Ya pili ifunge kavu, na stata uipumzishe kila baada ya sekunde 30, la sivyo utaiunguza.

#45 Kijana wa Tunduma

Filta yangu ya kwanza ina matundu sita pembeni na moja katikati lenye nyuzi. Hayo sita ndiyo?

#46 Fundi Dizeli

Ndiyo hayo.